Kitovu Kimoja, Kipimo Kimoja: Ukuzaji wa Maumbo kutoka Basra hadi Birmingham

Katika darasa letu la Jumamosi huku Small Heath, Birmingham, binti mmoja wa miaka 14 alituletea karatasi ya hesabu aliyopewa skuli. Karatasi ilichorwa miraba midogo, na juu yake palikuwa na pembetatu. Swali lilimtaka aikuze pembetatu hiyo mara mbili kutoka nukta aliyopewa. Yeye aliongeza upana mara mbili, urefu akauacha ulivyo. Mwalimu wa skuli alitia alama ya kosa bila kueleza zaidi, na binti alitaka kujua amekosea wapi, kwa sababu umbo kwa macho yake lilikuwa limekua.

Aliyemjibu kwanza hakuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa bibi mmoja aliyeshona kanzu Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku kwa wanawe. Aliitazama karatasi, akasema: "Mjukuu wangu, hapo hukukuza. Umenyoosha. Ukinipa kanzu ya namna hiyo nitakuuliza wamshonea nani." Kisha akaongeza jambo ambalo lilitufanya tukae kitako tuandike makala haya. Alisema kwamba hata fundi hakuzi nguo namna skuli wanavyotaka. Kanzu ya mtoto si kanzu ya mtu mzima iliyopunguzwa kila mahali kwa kiasi kimoja. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, na ukilipunguza tundu la shingo sawa na urefu wa kanzu, mtoto hataivaa.

Katika maneno hayo machache mna swali lenye historia ndefu: ni wakati gani tunasema umbo limebadilika ukubwa lakini limebaki lile lile? Sisi tunaoendesha darasa hili ni wazazi na wazee kutoka Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, na baadhi yetu tulipitia Maskati kabla ya kufika Uingereza. Tumesikia watoto wetu wakisema hesabu hii ni ya Wazungu. Tumesikia pia wazee wenzetu wakijibu kuwa yote ni yetu, tumeibiwa. Hatukuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili, kwa hivyo tumejaribu kuifuata njia yenyewe, hatua kwa hatua, tukitaja majina na miaka.

Hesabu yenyewe

Tuanze na karatasi ya binti. Kila nukta katika karatasi ya miraba hutajwa kwa namba mbili, ambazo vitabu vya Kiswahili huziita majira ya nukta: ya kwanza yaeleza umekwenda hatua ngapi kwa mlalo, ya pili hatua ngapi kwa wima. Pembetatu yake ilikuwa na ncha tatu: (1, 1), (4, 1) na (1, 3). Kuikuza mara mbili kutoka nukta (0, 0) ni kuzidisha namba zote kwa 2. Ncha mpya ni (2, 2), (8, 2) na (2, 6).

Ukipima utaona kwamba upande uliokuwa hatua 3 sasa ni 6, na uliokuwa 2 sasa ni 4. Pembe hazikubadilika hata moja. Eneo lilikuwa miraba 3. Sasa ni 12, yaani mara nne, kwa sababu upana na urefu vyote viwili vimezidishwa kwa 2. Binti alizidisha namba za mlalo peke yake, akapata (2, 1), (8, 1) na (2, 3). Pande za pembe mraba zikawa 6 na 2, na pembe mbili zilizobaki zikapinda. Hilo ni umbo jingine, si ndugu wa lile la kwanza.

Nukta ambayo ukuzaji huanzia huitwa kitovu. Kitovu kikihama, umbo jipya huhama nalo, ila ukubwa na sura yake haviguswi. Kuza pembetatu ile ile mara mbili kutoka ncha yake ya (1, 1): ondoa kitovu kwanza, zidisha, kisha kirudishe. Ncha (4, 1) iko hatua 3 mbele ya kitovu. Itakuwa hatua 6 mbele, yaani (7, 1). Ncha (1, 3) itakuwa (1, 5). Ncha ya (1, 1) haisogei, maana yenyewe ndiyo kitovu. Kipimo kikiwa chini ya 1, kama nusu, umbo hupungua, ingawa wanahesabu huendelea kuliita ukuzaji. Kikiwa hasi, nukta huvuka kitovu na kutokea upande wa pili, na umbo hupinduka juu chini. Watoto wa hapa hukutana na kipimo hasi katika ngazi ya juu ya mtihani wa GCSE, na wengi hukiona kama kitendawili kisicho na kazi. Tutakirudia, kwa sababu ndicho kilichomshughulisha mtu wa Basra miaka elfu iliyopita.

Jambo la kushika ni hili: ukuzaji una kitovu kimoja na kipimo kimoja. Ukitumia kipimo kimoja kwa mlalo na kingine kwa wima, umetoka nje ya mlango. Ndiyo maana bibi yetu alikuwa na haki mara mbili: aliona kosa la binti, na aliona kwamba kazi yake mwenyewe ya kushona ni hesabu nyingine.

Maneno tuliyorithi

Msomaji wa jarida hili atakuwa ameshasikia harufu ya Kiarabu katika maneno tuliyotumia. Nukta ni neno lile lile la Kiarabu. Mraba ni *murabba'*, chenye pande nne. Kushabihiana, neno ambalo wazee wa pwani hulitumia kwa watu wanaofanana sura, lina mzizi mmoja na neno ambalo wanahesabu wa Kiarabu walilitumia kwa maumbo yanayofanana, *mutashabiha*. Na mhandisi, ambaye kwetu leo ni mtu wa madaraja na mitambo, katika Kiarabu cha kale alikuwa kwanza mtu wa *handasa*, yaani jometri.

Elimu ya maumbo yanayofanana haikuanzia kwa Waarabu. Imewekwa kwa mpangilio katika kitabu cha sita cha *Misingi* ya Euclid, aliyeandika kwa Kigiriki kama miaka 300 kabla ya Masihi. Baghdad ya karne ya 9 iliifasiri kazi hiyo zaidi ya mara moja: al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar aliifasiri, kisha Ishaq ibn Hunayn, ambaye tafsiri yake ilisahihishwa na Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901. Baada ya hapo kazi haikuwa ya kufasiri tu. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940, aliandika kitabu kizima juu ya jometri anayoihitaji fundi. Humo anasimulia alivyohudhuria mkutano wa mafundi na wanajometri wakibishana namna ya kutengeneza mraba mmoja kutokana na miraba mitatu iliyo sawa. Anaeleza kwamba mwanajometri hujua hoja lakini hana mazoea ya mkono, na fundi hutegemea jicho na mkono bila kujua hoja. Tulipomsomea bibi yetu habari hiyo alicheka, akasema mkutano huo bado haujamalizika.

Mtu wa Basra

Euclid alilinganisha maumbo mawili yaliyokwisha kuchorwa: hili na lile, je, yanafanana? Swali la kukuza ni jingine. Linaanza na umbo moja, nukta moja na kipimo kimoja, kisha linauliza: kila nukta ya umbo itakwenda wapi?

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kama mwaka 965 na kufariki Cairo kama mwaka 1040, aliliuliza swali hilo waziwazi. Anajulikana zaidi kwa *Kitab al-Manazir*, kitabu chake kikubwa juu ya kuona na mwanga. Lakini aliandika pia risala iitwayo *al-Ma'lumat*, yaani mambo yanayojulikana. Katika sehemu yake ya kwanza anachukua nukta isiyohama na duara lililokwisha kuwekwa. Kutoka nukta hiyo anavuta mstari hadi kwenye mzingo wa duara, kisha anaurefusha mstari kwa uwiano uliowekwa. Ncha ya mstari uliorefushwa iko wapi? Jibu lake ni kwamba, unapouzungusha mstari ukafuata mzingo wote wa duara la kwanza, ile ncha ya pili nayo huchora duara, na duara hilo hujulikana mahali pake na ukubwa wake.

Huo ndio ukuzaji wa karatasi ya binti yetu, bila miraba na bila namba mbili mbili. Nukta isiyohama ndiyo kitovu. Uwiano ndio kipimo. Umbo halitazamwi tena kama kitu kilichotulia. Linatazamwa kama kitu kinachopelekwa, nukta kwa nukta, kikawa kingine.

Ibn al-Haytham alidai katika risala hiyo kwamba sehemu yake ya kwanza ina mambo ambayo watu wa kale hawakuyataja. Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Pappus wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya 4, ameeleza yaliyokuwamo katika kitabu kilichopotea cha Apollonius, na humo mna hoja ya namna hiyo hiyo. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba Ibn al-Haytham alikuwa wa kwanza duniani. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba aliilea hoja hiyo kama elimu yenye nafasi yake, akaiandika, na maandishi yake yametufikia. Louis-Amélie Sédillot aliyatolea habari mjini Paris katika miaka ya 1830, na wanahistoria wa hesabu wameyasoma tangu hapo. Wala si wote waliomkubali katika zama zake na baada yake. Omar Khayyam alimlaumu kwa kuingiza mwendo ndani ya jometri alipozungumzia mistari sambamba, akiona kwamba mwendo hauna mahali katika elimu hiyo. Kwa hivyo kuzungusha mistari na kupeleka nukta halikuwa jambo dogo; lilikuwa jambo la kubishaniwa na wakubwa.

Sasa turudi kwenye kipimo hasi. Ibn al-Haytham aliandika risala nyingine juu ya sura ya kupatwa kwa jua. Alikuwa ameona kwamba jua likipatwa kiasi, likabaki kama hilali, mwanga unaopita katika tundu dogo huchora hilali ukutani, na hilali hiyo imepinduka. Tundu likiwa pana, hilali hupotea, ukabaki mwanga wa mviringo tu. Kwa nini?

Alieleza kwa mistari. Kila nukta ya tundu ni kitovu. Mwanga wa jua hupita katika kitovu hicho na kutokea upande wa pili, wa juu ukawa chini, wa kulia ukawa kushoto. Huo ni ukuzaji wa kipimo hasi uliofanywa na mwanga wenyewe. Tundu lina nukta nyingi, kwa hivyo picha nyingi za hilali hupangana ukutani, kila moja imesogea kidogo. Tundu likiwa dogo, picha hizo hukaribia kulaliana na hilali huonekana. Likiwa kubwa, huachana na kufunikana hadi sura yapotea. Hakusema tu kwamba tundu liwe dogo. Alipima udogo huo kwa kulinganisha ukubwa wa tundu na umbali wake kutoka ukutani.

Kipimo chenyewe mtoto anaweza kukipata nyumbani. Umbali wa jua ni kama mara 107 ya kipenyo chake, kwa hivyo picha ya jua ukutani ina kipenyo cha kama sehemu moja ya 107 ya umbali kutoka kwenye tundu. Mita 1 nyuma ya tundu, picha ni milimita 9 na kidogo. Mita 2 nyuma, ni karibu 19. Wale waliokuwa Afrika Mashariki tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa na kubaki pete huko Rujewa mkoani Mbeya, waliweza kuiona risala ya Ibn al-Haytham chini ya mti wowote wenye majani mengi. Kila upenyo mdogo kati ya majani ulikuwa kitovu, na ardhi ilijaa picha ndogo za jua lililoliwa.

Ubao wa nahodha

Pwani yetu ilikuwa na chombo kinachofanya kazi kwa hoja hiyo hiyo, nacho kilitumiwa na watu ambao wengi wao hawakusoma jometri ya chuoni. Ni kamal, ubao mdogo wenye uzi uliofungwa mafundo. Rubani alishika fundo kwa meno, akaunyoosha uzi, akausogeza ubao mpaka ukingo wake wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota ya kaskazini. Kila fundo lilikuwa na bandari yake: nyota ikikaa sawa kwa fundo hili, uko mkabala na bandari ile, basi geuza chombo ufuate mashariki au magharibi.

Jicho la rubani hapa ndilo kitovu. Ubao wa sentimita 5 ukiwa sentimita 50 kutoka jichoni hufunika anga sawa na ubao wa sentimita 10 ulio mita 1 mbali, kwa sababu pembetatu mbili hizo zinafanana, kipimo kikiwa 2. Aliyefunga mafundo alikuwa akiandika uwiano kwenye uzi. Mabaharia walihesabu kwa isba, upana wa kidole, na duara zima lilikuwa isba 224, yaani kila isba ni kama nyuzi 1.6.

Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika karne ya 15, alitunga *al-Sufaliyya* juu ya njia ya baharini ya kufika Sofala, akitaja bandari za pwani yetu pamoja na vipimo vya nyota. Wengi wetu tulifundishwa utotoni kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Wanahistoria walioyachunguza maandishi yake hawakubali tena jambo hilo. Tunalitaja kwa sababu ni mfano wa urithi uliokuzwa kwa kipimo kisichomfaa. Ibn Majid hahitaji hadithi ile. *Al-Sufaliyya* yamtosha.

Mashine ya Handsworth

Tufike sasa mjini kwetu. Mwendo wa dakika chache kwa basi kutoka katikati ya Birmingham, pale Handsworth, palikuwa na nyumba iitwayo Heathfield. Aliishi humo James Watt, mtu wa injini ya mvuke. Mwaka 1802 alikwenda Paris, akaona mashine ya kunakili medali. Aliporudi alianza kutengeneza mashine zake za kunakili sanamu ndani ya chumba cha juu, na akaendelea nazo mpaka kufariki kwake mwaka 1819. Moja ilitoa nakala sawa kwa ukubwa. Nyingine ilitoa nakala ndogo zaidi, na hiyo ndiyo inayotuhusu.

Ilikuwa na mkono mrefu uliofungwa mahali pamoja. Kwenye mkono huo palikuwa na sindano butu iliyogusa sanamu kubwa, na kekee iliyozunguka na kuchonga nakala. Sindano ilipopanda pua ya sanamu, kekee ilipanda pua ndogo. Iliposhuka shavuni, kekee ilishuka nayo. Umbali wa kekee kutoka mahali pa kufungia ulikuwa sehemu ile ile daima ya umbali wa sindano. Watt aliwapa rafiki zake sanamu hizo ndogo, akisema kwa mzaha kwamba ni kazi ya msanii kijana anayeingia mwaka wake wa 83.

Msomaji alinganishe na *al-Ma'lumat*: mahali pasipohama, mstari unaozunguka, nukta mbili juu ya mstari kwa uwiano mmoja, ya kwanza ikifuata umbo na ya pili ikichora umbo lifananalo nalo. Hoja ni moja. Lakini hatusemi kwamba Watt alimsoma Ibn al-Haytham. Ulaya ilikuwa na kifaa cha kukuzia michoro cha Christoph Scheiner, aliyekibuni mwaka 1603 na kukichapishia kitabu mwaka 1631, na mafundi wa medali wa Ufaransa walikuwa na mashine zao. Jometri hii inaweza kufikiwa na watu wawili wasiojuana, kwa sababu ni kweli kwao wote wawili. Chumba cha Watt kilifungwa baada ya kufa kwake, kikabaki karibu kama alivyokiacha, na mwaka 1924 kilihamishiwa jumba la makumbusho ya sayansi London, ambako mashine zake zaonekana hadi leo.

Sarafu mfukoni

Mwenzake Watt, Matthew Boulton, alikuwa na kiwanda cha sarafu Soho, hapo hapo Handsworth. Mitambo ya kiwanda hicho ilipopigwa mnada mwaka 1850, Ralph Heaton wa Birmingham alinunua sehemu yake, akaanza kufua sarafu kwa ajili ya nchi za mbali. Baadaye kiwanda cha Heaton kilihamia Icknield Street, na alama yake ikawa herufi ndogo H.

Herufi hiyo wazee wetu waliishika mikononi. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipopewa hati yake mwaka 1888 na kuanza kuitawala pwani iliyokodiwa kwa Sultani wa Zanzibar, ilitoa sarafu za Mombasa. Pesa yake ya shaba ilikuwa na picha ya mizani, maandishi ya Kiarabu, na mwaka 1306 wa Hijria. Zilizofuliwa Birmingham zina H. Nyingine zilifuliwa Calcutta. Katika karne ya 20 zikaja senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Nyingi zina H ya Heaton, au KN ya kiwanda cha Kings Norton, pia cha Birmingham. Unguja na Pemba zilizipokea mwaka 1936, rupia ilipoondolewa.

Mashine ya kupunguza ndiyo iliyoendesha kazi ya sarafu katika zama hizo. Msanii hutengeneza mfano mpana kama sahani ili aweze kuchonga kila ukingo kwa urahisi, kisha mashine huufuata mfano huo na kuchonga ule ule kwa udogo wa sarafu juu ya chuma.

Siku ya pili ya darasa, mzee mmoja alileta senti za tundu alizozihifadhi kwenye uzi: senti moja, ndururu na peni ya senti kumi, vipande vizito vya kabla ya Vita vya Pili. Zote tatu zina pembe za ndovu zilizoizunguka tundu upande mmoja, na taji upande wa pili. Tuliwauliza watoto: je, hizi ni maumbo yanayofanana? Wote walisema ndiyo. Tukawapa rula na mizani ya jikoni.

Senti moja ina kipenyo cha milimita 20, ndururu 25 na nusu, peni karibu 31. Kutoka ndururu hadi peni kipimo ni kama 1.2. Kitu kigumu kikikuzwa, unene nao hukua kwa kipimo hicho hicho, kwa hivyo uzito huongezeka kwa 1.2 mara tatu kwa kuzidishana, yaani kama 1.75. Ndururu ina gramu 6 na kidogo, peni 11 na kidogo. Uwiano ni kama 1.8. Karibu sana. Lakini kutoka senti moja hadi ndururu kipimo ni 1.275, na uzito ungepaswa kuzidi kama mara mbili. Kwa kweli senti moja haifiki hata gramu 2, na ndururu imeizidi zaidi ya mara tatu. Yaani senti moja ni nyembamba kuliko inavyopaswa: inashabihi ndururu kwa uso, haiishabihi kwa mwili. Binti wa pembetatu ndiye aliyeligundua hilo. Alisema, "Hii wamenyoosha kama mimi." Bibi akamwambia, "Sasa umekuwa fundi."

Nani apewe nini

Karatasi ya miraba yenye namba mbili mbili haikutoka Basra wala Baghdad. Kuunganisha mchoro na aljebra kwa njia hiyo kuliwekwa na Wafaransa wawili wa karne ya 17, Fermat na Descartes, ambaye kitabu chake cha jometri kilitoka mwaka 1637. Aljebra yenyewe, kwa jina na kwa mwanzo wake kama elimu, ni ya al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Maumbo yanayofanana ni ya Wagiriki kwa hoja zake za kwanza zilizoandikwa. Kulipeleka umbo kutoka kitovu kwa kipimo, pamoja na kueleza hilali iliyopinduka, kumeandikwa na Ibn al-Haytham. Mafundo ya kamal ni ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, wengi wao majina yao hayajulikani. Mkono wa chuma ni wa mafundi wa Ulaya, na Birmingham ina sehemu yake.

Tunajua baadhi ya ndugu zetu wataona hesabu hii ya kugawana ni ya ubahili. Wanataka mtoto aambiwe kwamba vyote ni vyake, apate kujiamini. Sisi tumeona kinyume chake. Mtoto aliyeambiwa jambo kubwa lisilo kweli huaibika siku anapolisema mbele ya mwalimu anayejua, na siku hiyo huacha kutuamini hata katika lililo kweli. Binti wetu alikwenda skuli na jina la risala moja, hoja yake, na senti tatu za babu wa mwenzake. Mwalimu alimwomba alieleze darasa zima.

Tunawaomba wasomaji wenye sarafu za H na KN majumbani wazipime kipenyo na uzito, watuandikie pamoja na mwaka ulioandikwa juu yake, maana unene ulibadilika wakati wa vita na tungependa kujua vipande vipi vinashabihiana kweli. Na kama ipo familia, Lamu au Sur au popote, iliyohifadhi kamal ya babu yao, tafadhali msiufungue uzi. Pimeni umbali wa kila fundo kutoka kwenye ubao, na upana wa ubao wenyewe, mtuletee namba. Kwa namba hizo tutaweza kujua alikuwa akienda bandari gani.